CD tatu za Nat King Cole: sauti ipo, mpiga piano katupwa pembeni

Mkusanyiko huu wa CD tatu za Nat King Cole, mwimbaji na mpiga piano wa jazi wa Marekani, nimeukalia vya kutosha sasa, acha niseme. Kwa usafi wa sauti sina ugomvi nao. Kwenye "Mona Lisa" ya 1950 unamsikia mpaka anapovuta pumzi, na fidla zimekaa nyuma yake bila kumfunika. Kama unatafuta muziki wa kuwaburudisha wageni huku chakula hakijaiva, hutajuta.

Kinachoniudhi ni mpangilio. Waliouandaa wametanguliza vibao vilivyovuma, miaka wakaichanganya kama karata: unatoka 1962, mara uko 1948. Kijitabu cha ndani hakina tarehe wala majina ya wapigaji, picha tu. Kuna moja anatabasamu mbele ya kamera za televisheni, na hakuna hata sentensi ya kueleza kwamba kipindi chake cha NBC, kilichoanza 1956, kilikufa mwaka uliofuata kwa kukosa mdhamini wa kitaifa. Marekani ile, kampuni kubwa ziliogopa kuweka jina lao kando ya mtu mweusi.

Asiyemjua atadhani alizaliwa na okestra nyuma yake. Kumbe jina alilipatia kwenye piano! Mwaka 1937 aliunda kundi la watu watatu huko Los Angeles: piano, gitaa na besi, dramu hakuna. Ray Charles mwenyewe, yule gwiji wa muziki wa soul, alianza kwa kumwiga. Hapa kipindi hicho kimetengewa nyimbo chache tu, tena zimesukumwa mwisho wa CD ya tatu.

Mojawapo ni "Straighten Up and Fly Right" ya 1943, iliyotokana na hadithi aliyoisikia kwenye mahubiri ya baba yake, mchungaji wa Kibaptisti. Tai anambeba kima mgongoni akipanga kumwangusha, kima naye anamkaba shingo. Sikiliza piano inavyomjibu mwimbaji, na wote wawili ni yeye.

Nimeupa nyota tatu kati ya tano. Ukiukuta kwa bei ya kutupa, chukua. Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, tafuta albamu yake "After Midnight" ya 1957. Humo amerudi kwenye kinanda chake, Stuff Smith yuko kwenye fidla na Harry Edison kwenye tarumbeta.