Diski nzuri, huduma ya kukasirisha: uzoefu wangu wa kuweka SSD kwenye laptopu ya zamani

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na sidhani kwamba hasira hiyo ingepungua kama ningesubiri. Diski ya SSD, yaani ile inayohifadhi data kwenye chipu bila sehemu inayozunguka, niliyoinunua kwa ajili ya laptopu yangu ya miaka mingi haina kasoro yoyote, na ninalisema hilo mapema ili asiwepo atakayedhani kwamba ninaibeza bidhaa. Kinachonikera ni namna kitengo cha huduma kwa wateja cha kampuni iliyoitengeneza kilivyonijibu pale ilipoanza kuonekana kana kwamba ni mbovu, ilhali ushahidi wote waliouhitaji ulikuwa ndani ya barua pepe yangu ya kwanza.

Ufungaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia. Diski ya inchi 2.5 inayotumia SATA, njia ya kuiunganisha diski na bodi kuu, huingia mahali pale pale ilipokuwa ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka, na programu ya kunakili ilihamisha mfumo na mafaili yangu yote bila shida. Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu, kwa sababu laptopu niliyokuwa nimezoea kuiwasha na kuiacha kwanza ilikuwa tayari kwa kazi kabla sijakaa sawasawa kwenye kiti.

Kisha ikaanza kuganda. Kishale kiliendelea kusogea kwenye skrini lakini hakuna kilichofunguka, taa ya diski iliwaka bila kupepesa, na baada ya nusu dakika au zaidi kila nilichokuwa nimekibonyeza kilijitokeza kwa mkupuo. Mara nyingine nilipoiwasha ilidai kwamba haioni diski yoyote, nami nikiizima na kuiwasha tena iliiona. Nilipofungua kumbukumbu za matukio za Windows nilikuta kwamba kila mgando uliacha alama ile ile, tukio namba 129, ambalo huandikwa pale mfumo unapoisubiri diski ijibu, ukakata tamaa, na kuiamuru ianze upya.

Niliipima diski kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma ripoti ya afya ya diski. Afya yake ilikuwa nzuri na hakukuwa na sekta, yaani kipande cha hifadhi, hata moja iliyohamishwa kwa sababu ya ubovu, lakini mstari wa C7, yaani kipengele namba 199, ulikuwa na hesabu kubwa iliyozidi kupanda kila baada ya mgando. Mstari huo unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio kiini cha malalamiko yangu. Kila fungu la data linaposafiri kati ya bodi kuu na diski huambatana na hesabu ya ukaguzi iitwayo CRC. Upande unaopokea huirudia hesabu hiyo, na majibu yakitofautiana fungu hukataliwa na kutumwa upya. C7 huhesabu makosa hayo ya njiani. Ikipanda huku vipengele vingine vikiwa vimetulia, mashaka huelekea kwanza kwenye njia, yaani kebo na viunganishi vyake, kabla ya kuigusa diski yenyewe. Nilipiga picha ya skrini, nikauzungushia mstari huo rangi nyekundu, nikawatumia.

Jibu la kwanza lilinitaka nifomati diski na kusakinisha Windows upya. Hawakuniuliza kama nina nakala ya mafaili yangu, wala hawakunionya kwamba kufomati kutayafuta. Mtu asiyejua angeweza kupoteza kazi ya miaka kwa kuitii sentensi moja. Nilifomati, kwa kuwa nakala nilikuwa nayo, na mgando ukarudi. Jibu la pili lilinitaka nihakikishe kwamba BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, imewekwa kwenye AHCI, mtindo wa kuwasiliana na diski za SATA, jambo ambalo nilikuwa nimewaeleza tayari. Jibu la tatu ndilo lililonichoma: «Ndugu mteja, kompyuta ya umri huo haikuundwa kwa ajili ya SSD. Tunakushauri ununue kompyuta mpya.»

Kauli hiyo si kweli. SSD ya SATA huzungumza na bodi kuu kwa kanuni zile zile zinazotumiwa na diski ya kuzunguka, na wao wenyewe wanaiuza kama njia ya kuziongezea uhai kompyuta za zamani. Mtu anayetunza kifaa chake kwa sababu bado kinamtosha hastahili kuambiwa akitupe na mtu ambaye hakujishughulisha hata kuitazama picha aliyotumiwa. Nilipouliza moja kwa moja kuhusu C7, nilijibiwa kwa maelekezo yale yale ya kufomati, neno kwa neno.

Niliendelea bila wao. Niliitoa diski, nikaiweka kwenye kasha la USB, nikahamisha mafaili makubwa kwa saa kadhaa. Haikuganda hata kidogo na C7 haikusogea. Kilichobaki ni njia. Katika laptopu nyingi diski huchomekwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, lakini katika yangu hupitia kebo bapa, nyembamba, iliyokunjwa kwenye kona ya fremu. Wenye MacBook Pro za inchi 13 za mwaka 2012 wanaijua habari hii vizuri, kwa kuwa kebo ya diski ya mashine hizo ina sifa ya kuharibika na kuisingizia diski. Yangu si ya aina hiyo, ila ugonjwa ni ule ule. Diski ya zamani haikuufichua kwa sababu yenyewe ilikuwa ya kizazi cha gigabiti 3 kwa sekunde, ilhali SSD na bodi yangu hukubaliana kwenda kwa gigabiti 6, na mawimbi ya kasi hiyo hayavumilii kebo iliyochoka.

Niliagiza kebo nyingine ya modeli ile ile, nikaibadilisha, na tangu hapo laptopu haijaganda. Hesabu ya C7 imesimama palipokuwa. Hairudi sifuri, na anayeikuta kwenye diski yake asiogope namba yenyewe, bali aangalie kama bado inapanda. Asiyeipata kebo, kama BIOS yake inaruhusu, anaweza kuibana SATA ifanye kazi kwa gigabiti 3. Itashuka kasi ya kunakili mafaili makubwa, lakini wepesi wa kufungua programu, ambao ndio hasa unaomfanya mtu aipende SSD, utabaki karibu wote.

Nilikuwa nimekusudia kutoa nyota moja. Nilipoanza kuandika nikaona kwamba siitendei haki diski iliyohimili kufomatiwa bure, kukatwa mawasiliano katikati ya kazi na kuhamishwa huku na huku bila kupata kasoro hata moja, na nikaona kwamba nyota nne zinaistahili. Pengine hata tano, kwa kuwa ninaitumia sasa hivi na laptopu hii inanifurahisha kuliko ilipokuwa mpya.

Lakini kabla sijamaliza nimepokea barua pepe yao ya mwisho. Nilikuwa nimewaeleza kwa kina kwamba kasoro ilikuwa kwenye kebo, nikawaomba waliingize swali la C7 katika maelekezo yao ili mteja mwingine asifute mafaili yake bila sababu. Wamejibu kwamba wanafurahi kuona tatizo langu limetatuliwa kwa msaada wao, na kwamba shauri langu wamelifunga. Kuhusu C7 hawakuandika chochote. Ninatoa nyota mbili, zote za diski.