Modi ya kusoma ya Firefox: uzoefu wangu, anza na upana sio herufi

Jamani kama unasoma maandishi marefu kwenye kompyuta na macho yanachoka hata katikati hujafika, jaribu modi ya kusoma ya brauza ya Firefox, ile alama ya karatasi inayotokea juu kwenye sehemu ya anwani, kwa Windows unabonyeza F9 tu basi. Kwenye kompyuta ipo tangu 2015 na bado watu kibao hawaijui, inaniuma kweli maana ni bure na imo humo humo, hakuna cha kupakua.

Ukiifungua, matangazo na menyu na makorokoro ya pembeni yote yanaondoka yanabaki maneno. Sasa hapo wengi wanakimbilia kukuza herufi, mimi nasema gusa upana wa mistari kwanza. Mstari ukitoka ukingo huu wa skrini mpaka ule, jicho likimaliza na kurudi kushoto linapotea, unasoma mstari ule ule mara mbili au unaruka mmoja, na ukikuza herufi humo ndani upana nao unatanuka, kwa hiyo mstari unabaki na maneno yale yale. Mwongozo wa W3C (shirika linaloweka viwango vya wavuti) unaoitwa WCAG, kwenye ngazi yake ya juu kabisa, unataka mstari usizidi herufi 80, mistari iachane nafasi moja na nusu, na maandishi yasinyooshwe pande zote mbili. Mimi nabana mpaka yabaki maneno kama kumi kwa mstari, halafu naachanisha mistari kidogo, yaani unasoma unashuka tu bila kutafuta ulipokuwa. Rangi mchana naweka sepia (kahawia hafifu), usiku giza. Kusomewa kwa sauti pia kupo, ila mimi situmii sana.

Inapokwama ni kwenye kurasa zenye majibu mafupi mafupi ya watu wengi, na ukijua inavyofanya kazi hutashangaa. Inazipa aya pointi: koma zinaongeza, urefu unaongeza, aya isiyofika herufi 25 haihesabiwi kabisa, halafu inabeba sehemu yenye pointi nyingi. Makala ndefu inatoka safi sana, lakini mtu akijibu "sawa, nimekuelewa" jibu lake halina pointi hata moja, na sehemu zilizoandikwa kwenye msimbo (code) wa ukurasa kwamba ni maoni huwa inaziruka mapema, hivyo unaweza kupata swali bila majibu, au alama yenyewe isitokee.

Kurasa za hivyo mimi naachana na modi, nashika ukingo wa dirisha la brauza nalivuta mpaka linakuwa jembamba karibu nusu ya skrini. Kurasa nyingi za siku hizi zinajipanga upya zenyewe, mistari inakuwa mifupi na majibu yote yapo.