Kashata Bado Zipo, Lakini Tairi Limekwisha

Habari zenu, ndugu zangu wa barabarani, karibuni tena gereji. Hapa chini nina matairi mawili niliyoyavua asubuhi hii kwenye pikipiki yangu, Honda Africa Twin. Hili la rimu ya inchi 21 ni la mbele, na hili pana, inchi 18, ni la nyuma. Yametembea kilomita 6,200, lami na vumbi. Jina la kampuni nimelifunika kwa utepe mweusi, maana likionekana tu tutaanza kubishania kampuni, na leo nataka tuangalie mpira wenyewe.

Angalieni vizuri, halafu mniambie lipi mngelitupa kwanza. Jana nimewauliza vijana wawili wa bodaboda waliokuja kujaza upepo, na wote wawili wakanyooshea kidole la nyuma. Kwa macho wana haki kabisa. Katikati limelika, limekuwa bapa. Nikizamisha njiti ya kiberiti kwenye mfereji na kuweka alama ya kalamu, napata milimita 5 katikati na 9 pembeni. La mbele nalo lina 8 karibu kila mahali.

Lakini mimi natupa la mbele. Subirini niwaonyeshe kwa nini.

Sogeza kamera hapa. Napitisha kiganja juu ya kashata, haya meno ya mpira, kufuata mshale wa ubavuni, yaani upande tairi linakozungukia. Kinateleza, hakuna shida. Sasa nakirudisha kinyume. Mnasikia huo mkwaruzo? Kila jino lina ncha moja iliyolala na nyingine iliyosimama, kama msumeno. Kashata hizi ni vipande vilivyoachana, na kila kimoja kikigusa lami kinapinda kidogo kabla ya kuachia. Mbele kuna breki, na breki inavipindisha upande uleule kila siku, basi ncha moja inasagika na nyingine inabaki. Nyuma injini inasukuma, kwa hiyo mpira unavutwa upande wa pili. Ndiyo maana kuna matairi ambayo mshale wa mbele na wa nyuma, ukifuata mchoro wa kashata, inaelekea kinyume. Fundi akikwambia mshale ni urembo, usimwachie rimu yako.

Tairi la msumeno unalijua ukiwa juu ya pikipiki. Usukani unatetemeka mwendo wa kati, na kwenye kona linavuma kama nyuki. Mimi nimelisikia nikishuka mlima wa Kitonga, nimelaza pikipiki, lori lipo mbele yangu. Tairi la nyuma likiteleza kidogo, mara nyingi unaliokoa. La mbele likikuacha kwenye kona, umeshalala chini kabla hujafikiria. Kwa hiyo hizi milimita 8 hazinidanganyi. Urefu upo, umbo limekufa.

Na sababu naijua, ni mimi. Pikipiki hii inataka upepo wa PSI 29 mbele na 36 nyuma. Kwenye barabara ya vumbi ya Iringa kwenda Ruaha kulikuwa na mchanga, nikashusha mpaka 20 ili tairi litanuke lishike. Hapo nilifanya sawa. Kosa ni kwamba nimerudi Iringa, nikaingia lami, nikaenda hivyohivyo mpaka Dar. Kama kilomita 500 upepo uko chini, kila jino linajikunja kuliko lilivyopaswa, mpira unachemka. Na kama rimu yako ni ya spoku yenye tyubu kama hii, upepo mdogo unaweza kulifanya tairi lizunguke kwenye rimu na kung'oa mdomo wa tyubu. Bebeni pampu ndogo. Kushusha upepo kila mtu anakumbuka, kujaza ndiyo tunasahau.

Tuje la nyuma. Ubapa wa katikati ni hadithi ya Mikumi na Morogoro: lami iliyonyooka, mzigo nyuma, saa nyingi pikipiki imesimama wima. Watengenezaji wanalijua hilo. Heidenau K60 Scout, kwenye baadhi ya saizi zake pana za nyuma, ina ukanda wa mpira usiokatika pale katikati, na sifa yake kubwa ni kudumu. Continental TKC 80 imekwenda njia nyingine, vipande vikubwa vilivyoachana, mifereji mipana, inauma vumbi vizuri lakini lami inaila haraka. Hakuna ujanja hapo. Ukiongeza nafasi kati ya kashata, matope yanapata pa kutokea, ila mpira unaogusa lami unapungua, na huo mchache ndio unaobeba kazi yote.

Kwa hiyo dukani msiangalie meno marefu peke yake, angalieni nafasi. Kidole kinapita? Chini ya mfereji, kati ya jino na jino, kuna kidaraja cha mpira kinachoyashikanisha? Kidaraja hicho kinazuia jino kuyumba, na kwa mtu wa lami nyingi nakipenda sana. Kwa udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, hapana, unajaza mifereji na tairi linageuka gogo.

Jambo lingine, haraka. Ubavuni tafuteni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2322 maana yake wiki ya 23, mwaka 2022. Tairi lililokaa miaka dukani kwenye joto la Dar linakuwa gumu hata kama halijagusa barabara. Likunjeni kidogo, chungulieni kwenye mashina ya kashata. Mkiona nyufa ndogo kama za kisigino kikavu, rudisheni.

Halafu herufi TWI, au pembetatu ndogo pale ubavuni. Fuateni usawa wake mpaka ndani ya mfereji, mtakuta kinundu. Kashata zikilingana nacho, tairi ni kipara. Uingereza sheria inataka angalau milimita 1 kwa pikipiki kubwa, Ujerumani 1.6. Hizo ni za lami. Kwenye changarawe mimi sifiki huko. Chini ya 4 jino haliumi tena, linaelea juu ya vijiwe.

Haya. La nyuma narudisha, milimita 5 zinanitosha safari ya Agosti, nchi ikiwa kavu. Ingekuwa Aprili ningeng'oa yote mawili. La mbele jipya lile pale ukutani, wiki ya 40 ya mwaka jana, nimeshalikagua. Nipe hivyo vyuma vya kubandulia, tuanze na tyubu.