Kifurushi cha vipimo vya homoni: kinamfaa mwenye mvurugiko wa hedhi?

Maabara nyingi huuza kifurushi kimoja kwa mwanamke anayetafuta ujauzito: FSH na LH (homoni zinazoamuru ovari), estradioli na projesteroni (homoni za kike), prolaktini (homoni ya maziwa) na TSH (homoni inayoamuru tezi ya shingo, yaani thairoidi), na wakati mwingine testosteroni (homoni ya kiume) na AMH. Damu hutolewa mara moja, majibu yote yakaja pamoja. Vipimo vyenyewe ni vizuri. Kasoro iko kwenye hilo "mara moja", na kwa mwenye hedhi zinazorukaruka inatosha kuvuruga uchunguzi mzima. Tunakipendekeza kwa sharti moja: maabara ikubali kukigawa kwa siku tofauti.

FSH, LH na estradioli husomeka vizuri siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Siku ya 1 ni ile damu inapotoka kikamilifu. Matone ya kabla yake hayahesabiwi. Estradioli isiachwe hata kama inapunguza bei, kwa sababu ikiwa juu huishusha FSH, na ovari zilizochoka zikaonekana nzima.

Projesteroni ni habari nyingine kabisa. Hupanda baada ya yai kutoka, kwa hiyo hupimwa siku 7 hivi kabla ya hedhi inayofuata. Ukipimwa siku ya 3 itakuwa chini, kama ilivyo kwa mwanamke yeyote siku hiyo, na inasikitisha kuona mtu anaanzishiwa dawa kwa jibu la namna hiyo. Ile "siku ya 21" inayotajwa kila mahali ni ya mzunguko wa siku 28. Mzunguko wako ukiwa wa siku 40, siku yako ni ya 33. Kama hujui hedhi itakuja lini, anza siku ya 28 hivi na urudie kila wiki mpaka uone hedhi. Jibu likizidi 3 ng/ml, yai limetoka. Tazama kipimio kilichoandikwa pembeni ya namba: 3 ng/ml ni sawa na karibu 10 nmol/l, na wengi huogopa au kufurahi bure kwa kuchanganya hivyo viwili.

Prolaktini na TSH ndizo zinazostahili fedha zako kuliko vyote, maana zikionyesha tatizo, mara nyingi tiba ipo na hedhi hurudi. Lakini prolaktini hupanda usingizini, kwa wasiwasi, kwa kuguswa chuchu, na kwa dawa kama metoklopramidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Nenda saa mbili tatu baada ya kuamka, upumzike kidogo kabla ya sindano. Ikizidi kidogo tu, irudiwe kabla ya matibabu. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini huweza kupotosha kipimo cha tezi ya shingo. Viache angalau siku 2 kabla.

AMH hukadiria akiba ya mayai iliyobaki. Haisemi kama utashika mimba mwezi huu, na namba ndogo peke yake isikukatishe tamaa.

Kuhusu PCOS, tatizo la homoni linalovuruga kazi ya ovari, kifurushi hiki peke yake hakitoshi kuithibitisha. Kwa mwanamke mzima zinahitajika dalili 2 kati ya 3: hedhi isiyo na mpangilio, yaani inayokuja chini ya siku 21 au zaidi ya 35, homoni za kiume zilizozidi, kwenye damu au mwilini kama ndevu, na ovari zenye vijifuko vingi kwenye altrasaundi. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unaruhusu AMH ichukue nafasi ya altrasaundi. Kabla ya hapo ithibitishwe kwamba hakuna tatizo la tezi ya shingo, la prolaktini wala la 17-OHP (homoni ya tezi zilizo juu ya figo). Uwiano wa LH na FSH, ambao bado hutumika kama hukumu, haumo kwenye vigezo hivyo. Na vijifuko hivyo ni vya mayai yasiyopevuka. Si uvimbe wa kukatwa.

Kinachokosekana ni vipimo viwili vya bei ndogo. Kipimo cha mimba kitangulie vyote, hasa hedhi ikiwa imekawia. Kisha cha mbegu za mwanaume, akae bila kumwaga siku 2 hadi 7. Kifanywe mapema, kwa sababu mwanamke anaweza kutibiwa hedhi miezi mingi kumbe tatizo lipo pande zote mbili.

Usisubiri mwaka mzima kama wanavyoambiwa wenye mzunguko wa kawaida. Hedhi kuvurugika ni sababu tosha ya kumwona daktari sasa. Nenda na tarehe za hedhi zako za miezi 6, na majina ya dawa zote unazotumia, pamoja na sindano au vidonge vya uzazi wa mpango ulivyoacha karibuni.