Vifaa vya mokapu ya daiorama ya stimpanki ya kutisha: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Kama unapanga kutengeneza daiorama (mandhari ndogo ya modeli iliyojengwa kama tukio) ya stimpanki ya kutisha, yaani ule ulimwengu wa mashine za mvuke, boila zenye riveti, mapaipu ya shaba na geji kila kona, afu humo ndani kuna kitu hakiko sawa, basi hela yako ya kwanza isiende kwenye rangi wala kwenye vile vifuko vya gia za saa. Iende kwenye mokapu. Mokapu ni ule mfano wa haraka unaoujenga kwanza kwa vitu rahisi ili ujue ukuta unakaa wapi, jicho la mtazamaji linaingilia wapi na giza linaanzia wapi, na hofu yote ya daiorama inapatikana au inapotea hapohapo, manake ukishaanza kupaka rangi huwezi tena kuhamisha mlango. Kwa hiyo nimepanga vifaa kwa kigezo kimoja tu: kile unachoweza kukikata, kukibomoa na kukihamisha bila kukionea huruma ndo kinakaa juu.

Kabla ya kununua chochote amua skeli, yaani vitu vyako vitakuwa vidogo mara ngapi kuliko vya kweli. Mtu wa mita 1.75 kwenye 1/35 anakuwa na urefu wa milimita 50, kwenye 1/72 anabaki kama 24, kwenye 1/24 anafika 73 na kwenye 1/12 anakaribia sentimita 15. Mimi naiweka 1/35 juu kabisa kwa sababu ni skeli inayopendwa na watu wa modeli za kijeshi, kwa hiyo sanamu za watu, madumu, ngazi na makorokoro mengine yapo tele, na kitako (bamba la chini linalobeba kila kitu) cha sentimita 30 kwa 30 kinakupa zaidi ya mita 10 za kweli kila upande, karakana nzima inaingia na boila lake na bado uso wa mtu unasomeka kwamba kaogopa. Inafuata 1/24, nzuri ukitaka chumba kimoja kilichojaa vitu. 1/12 inakula nafasi sana, ila kwa kutisha kwa vitu vidogovidogo ina nguvu ya ajabu: Frances Glessner Lee wa Marekani alitengeneza kwa skeli hiyo, miaka ya 1940, vyumba vya matukio ya vifo vya kufundishia wapelelezi, na ni majiko na vyumba vya kulala vya kawaida kabisa, hakuna zimwi popote, lakini ukiviangalia mwili unasisimka. Ile 1/72 iache, labda kama unajenga mji mzima na chombo cha angani juu yake, manake kwa udogo huo hofu ya mtu mmoja haionekani.

Sasa nyenzo za kujengea. Namba moja ni foambodi ya milimita 5, ile yenye karatasi mbili na povu katikati. Inasimama yenyewe, inakatika kwa kisu cha karatasi chenye wembe mpya (wembe butu unararua povu, nunua wembe wa akiba palepale), na jambo kubwa kuliko yote inashika pini, kwa hiyo unasimamisha kuta zote kwa pini za kushonea bila tone la gundi, unaangalia, hujapenda, unachomoa unasogeza. Hakuna nyenzo nyingine inayokupa uhuru huo. Shida yake moja foambodi nyeupe inapitisha mwanga, ukiweka taa nyuma ukuta mzima unang'aa na giza lako limeharibika, kwa hiyo ukiikuta nyeusi chukua hiyo, ukikosa bandika karatasi nyeusi au foili kwa nyuma.

Namba mbili kadibodi la boksi. Hili hata usilinunue, na kwa kujua tu ukubwa na umbo linatosha kabisa, afu linakunja vizuri kufuata mifereji yake kwahiyo boila na chimni unavizungusha kwa dakika chache. Halijawa namba moja kwa sababu kingo zake zinabonyea na likipata unyevu linapinda.

Namba tatu watu wengi wanaisahau: plastisini, udongo wa kuchezea wa mafuta usiokauka. Kwa zimwi lako ndo huo huo, manake kiumbe kinabadilika sana wakati wa kupanga, leo kimesimama kesho umegundua kinatisha zaidi kikiwa kimejikunyata nyuma ya tangi na mkono mmoja tu unaonekana. Udongo unaokauka kwa hewa unasinyaa na kupasuka na hauruhusu kubadili mawazo, na ule wa kuoka unaufaa mradi wenyewe, hapa bado mapema.

Namba nne povu gumu la XPS, lile la mabamba ya kuzuia joto kwenye majengo. Kwa daiorama yenyewe ningelipandisha hadi namba moja, linachongeka matofali na mawe vizuri mno, unachora mistari kwa kalamu ya wino tu, lakini kwenye mokapu ni anasa, linafaa kwa kitako na kwa miinuko ya ardhi basi. Namba tano balsa, ule ubao mwepesi sana, na mbao za MDF zilizokatwa kwa leza. Zinavutia, ndo ubaya wake: ukishalipia kipande kizuri hutaki kukikata, na mokapu isiyokatwa haijakufundisha kitu. Ya mwisho ni stairofomu ya punje, ile nyeupe ya kufungia vyombo vya umeme. Inamwaga punje kila mahali na kona haitoki kali.

Na hili la gundi lisikilize vizuri kwa sababu linaharibu kazi. Supagluu na rangi nyingi za spirei zinayeyusha povu la polistairini, iwe XPS au ya punje, na hata povu lililoko ndani ya foambodi nyingi pale ulipolikata. Gundi nyeupe ya maji ndo salama, inachelewa kukauka lakini pini zinashikilia. Gundi ya bunduki ni ya haraka, tumia ya joto la chini. Ukinunua kikatio cha waya wa moto fungua madirisha, moshi wake sio wa kuvuta.

Taa ndo sehemu ambayo nisingekubali mtu aikwepe kwenye mokapu. Mfaransa Louis Daguerre alipofungua ukumbi wake wa maonyesho ulioitwa Diorama, Paris, mwaka 1822 watu walikaa gizani wakiangalia picha kubwa zinazobadilika kadiri mwanga ulivyobadilishwa, kwa hiyo tangu mwanzo jambo hili lilikuwa la mwanga. Stimpanki ya kutisha bila taa ni karakana chafu tu.

Kwenye taa nafasi ya kwanza naipa mishumaa ya LED inayopepesa, ile midogo ya betri ya kidonge. Unaitupia ndani ya tanuru la kadibodi na palepale una moto unaohema, bila waya wala kuchomelea, na ukishajua moto unakaa wapi ndo unahamia kwenye LED za kudumu. Betri hizo zifungiwe, mtoto akimeza ni hatari kubwa. Ya pili ni LED za milimita 3 zenye waya na resista (kile kijipande kinachopunguza umeme) tayari. Ya tatu LED tupu, ambazo ni za bei ndogo zaidi ila uwe tayari kupiga hesabu: LED nyeupe inatumia kama volti 3, betri ni ya volti 9, zinabaki 6, ugawe kwa ampea 0.02 unapata omu 300, kwahiyo unachukua resista ya 330. Ukiunga bila resista inaungua. Utepe wa LED wa volti 12 nauweka mwisho, unamwaga mwanga kila mahali na kila kitu kinaonekana, na kwenye kutisha kila kitu kikionekana umepoteza.

Nunua rangi mbili tu za mwanga: nyeupe ya joto kwa tanuru na geji, na kijani au nyeupe ya baridi kwa kile kisicho sawa. Weka kile cha baridi chini au nyuma ya zimwi ili upate umbo lake bila sura. Afu shusha simu mpaka usawa wa macho ya kale kasanamu kako na upige picha kutoka hapo, utaona palipo na uwazi usiotakiwa kuliko ukiangalia kwa juu.

Gia, mapaipu na riveti zije baada ya hapo, na hata hapo anza na mirija ya kunywea soda na vifuniko vya chupa, manake kwenye mokapu unatafuta unene wa bomba na njia yake tu. Ukija kununua gia kweli chagua zinazoshikana meno, tatu zinazoonekana zinaendesha kitu zinashinda hamsini zilizobandikwa ukutani bila kazi. Rangi ya shaba na ule ukijani wa kutu yake ni vya mradi wenyewe.

Kitu kimoja kinapanda juu ya orodha yote ingawa kinatumika mwisho: boksi la akriliki au kuba la kioo la kufunikia. Ukilinunua baadaye utajikuta chimni imezidi. Chagua saizi sasa hivi, pima kwa ndani sio kwa nje, toa milimita 10 kila upande ili kitu kisiguse boksi, toa pia unene wa kitako na nafasi ya betri chini yake, na kinachobaki ndo ukubwa wa mokapu yako.