Kipimo cha IgE katika damu ya kitovu: ushauri mzuri, kipimo dhaifu

Mjamzito mwenye pumu au mafua ya mzio hujiuliza mara kwa mara kama mtoto wake naye atapata mzio, na ndilo swali ambalo kifurushi ninachokitathmini hapa kinadai kulijibu. Kinauzwa na maabara moja ya binafsi na kina sehemu nne: kikao cha ushauri kabla ya kujifungua, vifaa vya kuchukulia damu ya kitovu, kipimo cha jumla ya kingamwili aina ya IgE, ambazo ndizo zinazohusika na mzio, katika damu hiyo, na kijitabu cha mwongozo wa lishe. Nilikinunua kwa sababu nina pumu tangu utotoni na ukurutu unaokuja na kuondoka.

Nianze na kikao, kwa sababu ndicho kilichostahili fedha zangu. Muuguzi aliyenihudumia, ambaye kazi yake ni ya mzio tu, alieleza bila kunitisha kwamba kingamwili aina ya IgG huvuka kondo la nyuma kwa wingi, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, zikibebwa na kipokezi kiitwacho FcRn, na humlinda mtoto katika miezi yake ya mwanzo. IgE hazina njia pana ya namna hiyo, kwa hiyo zile zinazopatikana katika damu safi ya kitovu huchukuliwa kuwa kwa sehemu kubwa ni za mtoto mwenyewe. Hakuficha kwamba mwaka 2020 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa panya, ulioonyesha IgE za mama zikivuka kondo kwa msaada wa kipokezi hichohicho na kuzitayarisha seli za masti za kijusi, yaani seli za kinga zinazoanzisha dalili za mzio, ila akasisitiza kuwa athari hiyo ilikuwa ya muda na kwamba panya si binadamu. Aliongeza kwamba katika ujauzito wowote mizani ya kinga huelemea upande wa seli T saidizi za aina ya pili, yaani seli za kinga ambazo huchochea utengenezaji wa IgE. Kila mtoto huzaliwa na mwelekeo huo, na katika familia zenye mzio mizani inaweza kuchelewa kusawazika.

Kisha akaniomba nitoe pampu yangu ya pumu na kuivuta mbele yake. Alitazama namna ninavyobana pumzi, akanipa chombo cha plastiki cha kuunganisha kwenye pampu ili dawa nyingi zaidi ifike mapafuni, na kusema wazi kwamba mjamzito asiache dawa yake ya kila siku ya kuvuta kwa kuogopa kumdhuru mtoto, kwani pumu isiyodhibitiwa humpunguzia mtoto oksijeni. Ningelipia kikao hicho peke yake.

Vifaa vya kuchukulia damu havina dosari kubwa. Karatasi ya maelekezo inamtaka mkunga aupanguse utando wa nje wa kitovu na kuvuta damu kwa sindano kutoka kwenye mshipa wa vena, wala asiikamue, kwa sababu tone dogo la damu ya mama mwenye IgE nyingi linatosha kuharibu majibu. Ajabu ni kwamba maabara iliyoandika tahadhari hiyo haiangalii kama imefuatwa. Njia inayojulikana ni kupima pia IgA, kingamwili ya aina nyingine ambayo haivuki kondo la nyuma, hivyo ikionekana kwa wingi katika damu ya kitovu ni dalili kwamba damu ya mama imechanganyika humo. Majibu yangu hayakuwa na mstari wa IgA.

Yalikuwa na namba moja tu, na chini yake maneno “hatari kubwa” kwa wino mwekundu, bila maelezo. Huu ndio udhaifu mkuu wa huduma hii. Kipimo hiki kimechunguzwa kwa miongo kadhaa, na kila mara hukwama palepale: watoto wengi wanaopata mzio baadaye walizaliwa na IgE ya chini, na wapo waliozaliwa na IgE ya juu wasiopatwa na lolote. Historia ya mzio ya wazazi, ambayo muuguzi aliipata kwa kuuliza tu, ingeniambia karibu yaleyale.

Kijitabu ndicho kilichonikasirisha. Kinamwagiza mama aache karanga, mayai na maziwa wakati wa ujauzito na kunyonyesha, na amcheleweshee mtoto karanga hadi miaka mitatu. Agizo la namna hiyo lilitolewa na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2000, na chama hichohicho kikaliondoa mwaka 2008. Mwaka 2015 utafiti wa LEAP nchini Uingereza, uliohusisha watoto wachanga 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, uligundua kwamba walipofikia miaka 5, waliokwepeshwa karanga walikuwa na mzio wake kwa asilimia 17.2, na waliolishwa mapema kwa asilimia 3.2. Muuguzi alikuwa amenieleza jambo hilo vizuri, pamoja na tahadhari kwamba mtoto mwenye ukurutu mkali apimwe kwanza na kwamba karanga nzima humkaba mtoto. Kwa hiyo mteja analipia kifurushi kimoja na kupewa maagizo mawili yanayopingana, na asiyesikiliza kwa makini kikaoni atarudi nyumbani na lile baya likiwa limechapishwa.

Nilipouliza kama kikao kinaweza kununuliwa bila kipimo, niliambiwa hakiuzwi peke yake. Hadi hilo libadilike, mjamzito mwenye mzio aombe ushauri wa namna hiyo kwa daktari anayemtibu pumu yake au kliniki yoyote ya mzio, na damu ya kitovu aiache.