Seti ya kujiundia gitaa la nyuzi za chuma: mbao safi, maelekezo yana mapengo

Seti hii ni ya gitaa la drednoti, lile lenye mwili mpana, shingo inayokutana na mwili kwenye freti (kijiti cha chuma cha shingoni) ya 14 na urefu wa uzi wa milimita 645. Hukumu yangu kwanza: mbao ni nzuri na kazi ya mashine iliyofanywa kiwandani imetulia, lakini kijitabu cha maelekezo kinapita juu juu penye mambo matatu yanayoua gitaa: mkunjo wa uso, pembe ya shingo na mahali pa daraja, kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya uso. Ukiyajua hayo, inunue. Usipoyajua, utapata pambo la ukutani.

Uso ni wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari, vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka ubao mmoja na kufunguliwa kama kurasa za kitabu, unene milimita 3.2. Mgongo na mbavu ni mahogani ya milimita 2.5, na mbavu zimekwisha kukunjwa, jambo linalokuokoa na kazi ngumu kuliko zote kwa anayeanza. Shingo imechongwa, ina nondo yake ya kurekebisha ndani, na mifereji ya freti kwenye ubao wa vidole imekatwa tayari. Mifereji niliipima: freti ya kwanza iko milimita 36.2 kutoka mwanzo wa uzi, ya 12 iko 322.5, sawasawa na hesabu. Ubao wa vidole na daraja ni vya mpingo. Hilo ni la kujivunia, kwa kuwa mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na haulikwi haraka na nyuzi. Ila una mafuta. Uupanguse kwa spiriti dakika chache kabla ya kupaka gundi, la sivyo gundi itashika leo na kubanduka baadaye.

Sasa mataruma, yaani fito zinazobandikwa ndani ya uso ili usikunjamane. Nyuzi nyepesi za inchi 0.012 hadi 0.053 zikikazwa huvuta kwa zaidi ya kilo 70, na mzigo huo wote unabebwa na ubao mwembamba ambao ukishachongwa haufiki milimita 3. Mpangilio wa X unaotumiwa hapa ulikuwa kwenye magitaa ya C. F. Martin wa Marekani tangu miaka ya 1840, enzi za nyuzi za utumbo, na ndio uliokuja kuhimili chuma. Kosa la seti ni kwamba mataruma yamekuja yamenyooka kama rula, na kijitabu kinakuambia uyabandike hivyo hivyo. Usikubali. Uso unatakiwa kuvimba kidogo, kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 8.5. Kwa taruma la milimita 400, maana yake katikati pawe juu kuliko ncha kwa milimita 2.4. Mgongo hukunjwa zaidi, nusu kipenyo cha mita 4.6, ambayo kwa urefu huohuo ni milimita 4.3. Kuchora mkunjo ni rahisi: piga misumari mitatu kwenye ubao, miwili ya mwisho kwenye mstari mmoja na wa katikati ukiwa umepanda kwa kipimo hicho, pindisha rula nyembamba ya chuma juu yake na ufuatishe kwa penseli. Punguza kwa randa ndogo, malizia kwa msasa.

Sababu ya mkunjo ni unyevu. Sprusi hunywea na kutanuka kukatisha nyuzi za mbao, lakini taruma lililobandikwa kukatisha uso halibadiliki urefu. Uso ulionyooka ukinywea hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka. Uliovimba hushuka kidogo, basi. Kwa hiyo bandika mataruma wakati unyevu wa hewa chumbani ni asilimia 40 hadi 45. Haigrometa ndogo, yaani kipima unyevu, haimo kwenye seti, itafute. Mbao zikae kwenye chumba hicho wiki mbili kabla ya kuguswa. Ukibandika kwenye asilimia 70 na gitaa likaja kuishi pakavu, ufa utatokea kati ya daraja na kitako, na hapo usilaumu mbao.

Makutano ya X yakatwe nusu kwa nusu na yaingiane kwa kusukuma kwa kidole gumba, si kwa nyundo. Juu yake bandika kiraka cha mbao nyembamba, maana tundu la upande ulio wazi ndilo udhaifu wa gitaa lote. Kubana niliona fito za kupinda ni bora kuliko klempu: ubao mmoja chini, mwingine juu, fito ndefu kidogo kuliko nafasi iliyopo zinajikunja na kusukuma taruma kila sentimita tano. Chini ya uso weka vipande vya katoni pembezoni ili mkunjo usilazwe.

Uso wa milimita 3.2 ni mnene. Nilishuka hadi 2.9 katikati na 2.6 pembezoni upande wa chini, ndipo kuugonga kwa kifundo cha kidole kukatoa mlio mrefu badala ya kishindo cha kabati. Mataruma nayo yapunguzwe ncha hadi milimita 2 au 3, kilele kibaki karibu 15 pale X inapokutana. Hapa hakuna namba takatifu. Chonga kidogo, gonga, sikiliza, na uache mlio ukiwa bado unapanda uzuri, maana mbao iliyotoka hairudi.

Mbavu zilikuwa zimefunguka kiunoni karibu sentimita moja. Si kasoro, ndivyo mbao iliyokunjwa ilivyo. Kifungashio kikifunguliwa tu, ziingie kwenye kalibu, yaani fremu inayoshikilia umbo la mwili. Kalibu ya seti ni ya kadibodi, na ndiyo sehemu niliyoidharau zaidi: ikipata jasho la gundi inalegea na mwili unatoka umepinda. Kata nyingine kwa plaiwudi ya milimita 18, tabaka mbili. Ukanda wenye meno unaoongeza eneo la gundi kati ya ubavu na uso hubanwa vizuri kwa vibanio vya nguo vilivyozungushiwa mpira, kama 30 kila upande, vikipangwa bila kuacha nafasi.

Tufike kwenye shingo. Hii inafungwa kwa boliti mbili na ulimi, na nashukuru, kwani inaweza kutolewa na kurudishwa mara kumi. Kijitabu kinataja digrii za kisigino, sehemu ya shingo inayokaa kwenye mwili, kana kwamba kila mwili utatoka sawa. Pima kwa rula ndefu: ilaze juu ya freti, ncha yake ifike mahali pa daraja na igusie mgongo wa daraja kwa kuteleza tu. Ikigonga ubavu wa daraja, shingo imeinamia mbele na nyuzi zitakuwa juu kiasi kwamba hata mfupa wa daraja, kijiti kinachobeba nyuzi juu ya daraja, ukiutupa hazitashuka. Dawa ni kupunguza kisigino. Hesabu yake: kutoka makutano hadi daraja ni milimita 287, na kisigino kina urefu wa karibu 90, hivyo kupandisha mstari kwa milimita 1 darajani unatoa milimita 0.3 tu chini kabisa ya kisigino, ukipungua hadi sifuri juu. Ingiza ukanda wa msasa kati ya kisigino na mwili, upande wenye chenga ukielekea kisigino, bana shingo kwa mkono na uuvute. Hesabu mivuto: kushoto kumi, kulia kumi. Ukizidisha upande mmoja, shingo itakengeuka na uzi wa kwanza utaning'inia nje ya ubao.

Daraja ndilo kosa kubwa la maelekezo. Kielelezo cha karatasi kinaweka mfupa wa daraja kwenye milimita 645 kamili. Ukikifuata, kila noti utakayobonyeza itakuwa juu ya ilivyotakiwa, kwa sababu kubonyeza uzi ni kuuvuta, na uzi mnene hupanda zaidi. Ongeza milimita 2 upande wa uzi mwembamba na 5 upande wa uzi mnene, mfupa ulale mshazari. Pima kutoka mwanzo wa uzi hadi freti ya 12, rudia kipimo hicho, kisha ongeza. Toboa tundu la kwanza na la sita, pitisha pini za muda ili daraja lisiteleze kwenye gundi. Kwangua vanishi yote chini yake hadi mbao tupu, bana saa 24.

Vanishi sina mengi: shelaki nyembamba, tabaka nyingi, baada ya kujaza vitundu vya mahogani. Kama unatumia rangi ya kupuliza ya nitroselulosi, iache wiki tatu kabla ya kusugua.

Freti zilikuja 20 na waya wa akiba wa moja tu, kwa hiyo piga ncha mbili kwanza kisha katikati, kwa nyundo ya plastiki, na waya uwe umekunjwa kuzidi kidogo mkunjo wa ubao. Mwishoni uzi mnene ulikaa milimita 2.4 juu ya freti ya 12 na mwembamba 1.8, shingo ikiwa na upinde wa milimita 0.2 katikati kwa fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Funguo za nyuzi zina ulegevu, zinashika lakini zinahitaji kuzungushwa kurudi kidogo kabla ya kupanda. Mfupa wa daraja ni plastiki laini. Wa mfupa halisi ulipoingia, uzi wa tatu uliacha kuzizima.